Sifuri za namba za simu zimerudi

Orodha ya kikundi chetu cha akiba hapa Kampala, tunayoiweka kwenye Excel (programu ya majedwali), imekaa sawa jioni hii, na nimefurahi kweli. Namba za simu zilikuwa zimepoteza sifuri ya mbele, 0772 ikawa 772. Zile zilizoanza na 256, msimbo wa Uganda, ndiyo balaa, zilisomeka 2.56772E+11! Mama anayesubiri mgao wake kwa simu utamtumia wapi hapo?

Seli za Excel, yaani vile visanduku vyake, huanza zikiwa na mpangilio uitwao General, na humo chochote kinachofanana na namba huchukuliwa kuwa namba, kwa hiyo sifuri ya mbele hutupwa. Lakini namba ya simu hatuijumlishi na kitu, ni kama jina la mtu. Basi kabla ya kubandika data, chagua kolamu nzima uigeuze iwe Text, yaani maandishi. Zilizokwisha kuharibika, nenda kolamu ya pembeni (ibaki General, la sivyo fomula haitafanya kazi), andika =TEXT(A2,"0000000000"), A2 ikiwa seli yenye namba ya kwanza, kisha buruta hadi chini. Sifuri hiyo!

Na hili haliko kwetu tu. Mwaka 2020 wanasayansi walitangaza majina mapya ya jeni kadhaa, MARCH1 ikaitwa MARCHF1, kwa sababu Excel ilikuwa ikiigeuza kuwa tarehe, 1 Machi. Jamani! Toleo la Microsoft 365 limewekewa swichi ya kuzima ugeuzaji huu tangu 2023, iko kwenye File, Options, Data.

Wenye orodha za wakulima, wagonjwa na wanafunzi, tafadhali kagueni kolamu ya simu kabla ya kutuma pesa au ujumbe.