Samsung NC10 ya mwaka 2008 na hesabu za kikoba

Samsung NC10 ilitoka mwaka 2008, enzi ambazo kila kampuni ilikuwa na netibuku yake, yaani laptopu ndogo: kioo cha inchi 10.2, prosesa ya Intel Atom N270 ya GHz 1.6, RAM ya GB 1 na Windows XP. Yangu niliachiwa na jamaa aliyefunga steshenari yake. Betri haishiki chaji, ila kibodi hadi leo naipenda kuliko za laptopu nyingi mpya. Mama mdogo, ambaye ni katibu wa kikoba chao Morogoro, alikuwa anatafuta kitu cha kuwekea hesabu za hisa na mikopo. Fundi wa mtaani kwake alishaiona akasema ni ya kutupa, labda ipigwe Windows 7 "nyepesi" aliyokuwa nayo kwenye flashi. Nilimwomba mama mdogo aniachie kwanza.

XP haikuwa ya kufikiriwa, maana Microsoft waliacha kuipa marekebisho ya usalama tangu Aprili 2014. Nikaamua Linux, mfumo endeshi wa bure. Hapo ndipo unapokutana na kikwazo cha kwanza: Atom N270 ni ya biti 32 tu, haiwezi kuendesha mifumo ya biti 64. Kati ya aina za Linux, Arch waliacha biti 32 mwaka 2017, Ubuntu waliacha kutoa kisakinishi chao cha deskitopu cha biti 32 mwaka huohuo, na Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha mashine hizi. Ukienda kichwakichwa ukapakua toleo la biti 64, bando litakwisha na mashine itakataa kuwaka.

Nilichagua antiX 23, aina nyepesi ya Linux inayojengwa juu ya Debian 12 na bado ina toleo la biti 32. Inatoka Ugiriki, na waundaji wake hawafichi siasa zao. AntiX 19 waliipa jina la Marielle Franco, diwani wa Rio de Janeiro aliyeuawa mwaka 2018. Kilichonivuta mimi ni kwamba haitumii systemd, programu inayosimamia uwashaji na huduma kwenye Linux nyingi, na badala ya deskitopu kamili inakupa visimamizi vyepesi vya madirisha: IceWM, JWM au Fluxbox.

Kabla ya Linux nilianza na bisibisi. RAM ya NC10 iko nyuma ya kifuniko kidogo chini ya mashine, nafasi moja tu, na mwisho wake ni GB 2 za DDR2. Vijiti hivi mafundi wanavyo kwenye madroo, vimetolewa kwenye laptopu zilizokufa. Hiyo ndiyo pesa iliyozaa matunda zaidi. Diski ni kazi nyingine, kwa sababu inabidi ufungue ganda zima, na vishikizo vya plastiki vya umri huu havina huruma. Niliifungua polepole, nikaweka SSD ya GB 120 ya SATA. Nikiwa humo humo nikabadilisha na betri ya saa. Watu hawaijali, lakini ikifa, mashine ikikosa umeme inarudi miaka ya nyuma, halafu kila tovuti ya https inakuja na onyo kwamba si salama, kwa kuwa tarehe ya cheti haiendani na ya mashine. Wengi wanadhani intaneti ndiyo mbovu.

Kusakinisha kwenyewe hakuna hadithi. Nilihakiki faili la ISO, yaani lile la kusakinishia, kwa amri ya sha256sum, kwa maana kwa mtandao wetu wa kukatikakatika faili linaweza kufika pungufu, nikaliandika kwenye flashi kwa programu ya Rufus, nikawasha kutoka kwenye flashi. antiX inafanya kazi ikiwa bado iko kwenye flashi, hivyo nilijaribu sauti na waifai kabla ya kugusa diski.

Waifai ilinichelewesha kidogo. Chipu ya Atheros ilitambuliwa papo hapo, lakini simu ya mama mdogo haikuonekana kabisa kwenye orodha. Hotspoti yake ilikuwa imewekwa kwenye GHz 5, na kadi hii ya zamani inajua GHz 2.4 pekee. Nikaibadilisha kwenye simu, na usalama nikauweka WPA2 badala ya WPA3. Ikaunga.

Baada ya hapo nilikaa naye tufanye marekebisho huku akitazama, kwa sababu yeye ndiye mtumiaji. Kioo kina urefu wa pikseli 600 tu, kwa hiyo vidirisha vingi vinazama chini na kitufe cha "OK" hakionekani. Nilimwonyesha kwamba akishikilia Alt na kuburuta kwa kipanya, dirisha linapanda juu. Mwambaa wa chini nikaufanya ujifiche wenyewe kwa mstari mmoja, TaskBarAutoHide=1, kwenye faili la preferences la IceWM. Maandishi nikayakuza. "Hapo sawa, mwanangu," akasema, "sasa naona bila kutafuta miwani." Nikaongeza pia zram, inayobana data ndani ya RAM yenyewe kabla ya kukimbilia diski, nikachagua njia ya kubana ya lz4 kwa sababu nyingine, zstd, inabana zaidi lakini inaichosha prosesa dhaifu kama hii.

Ikiwa imetulia, mashine inatumia chini ya MB 200 za RAM. Watu wa Linux tunapenda sana kupiga picha namba hiyo na kutambiana, kisha tunabishana ni ipi nyepesi kwa MB 30 zaidi. Ubishi huo haunisaidii kitu. Fungua Firefox, ingia kwenye tovuti moja ya habari yenye matangazo na video zinazojichezea, na zile MB 30 hazina maana tena. Uzito uko kwenye tovuti. Kwa hiyo nguvu zangu nyingi nilizipeleka kwenye kivinjari: uBlock Origin ya kuzuia matangazo, video zisijianzishe zenyewe, na mpangilio wa browser.sessionstore.interval nikaupandisha kutoka milisekunde 15000 hadi 300000 ili Firefox isihifadhi vichupo vyake kila baada ya sekunde 15. Ukurasa wa habari sasa unasomeka. Vichupo vikizidi vitatu, subira inahitajika.

WhatsApp Web nilimkatalia. Inafunguka, ila unaandika sentensi kisha unangoja herufi zikufuate. WhatsApp ina simu yake. Video za YouTube hazichezi vizuri ndani ya kivinjari, na hapo kuna njia nzuri: programu ya yt-dlp inapakua video kwa ubora mdogo wa 360p, kwa mfumo wa h264, na kichezeshi cha mpv kinaicheza bila kukwama. Mahubiri yake ya Jumapili anayaangalia hivyo, tena bando linaliwa mara moja hata akirudia.

Kwa hesabu niliacha LibreOffice nikaweka Gnumeric, programu ya majedwali ambayo inafunguka upesi na inajua fomula zote anazohitaji. Laha moja ya hisa, moja ya mikopo na riba, moja ya faini za wachelewaji. Tatizo likawa namna ya kufikisha taarifa kwenye simu ili aitume kwa kundi. Kebo ilikuwa inasumbua, kwa hiyo nilimtengenezea kitufe kinachoendesha amri ya python3 -m http.server ndani ya folda ya kikoba, inayofanya faili zake zifunguke kwenye kivinjari cha kifaa kingine. Netibuku ikiwa kwenye hotspoti ya simu, anafungua anwani yake kwenye kivinjari cha simu na kupakua PDF, bila kula bando hata kidogo. Akimaliza anafunga lile dirisha, maana likiwa wazi kila aliyeunganishwa kwenye hotspoti anaona hesabu za watu.

Kinachobaki ni Firefox. Mozilla walitangaza kwamba toleo la 144 la Oktoba 2025 ndilo la mwisho kwa Linux ya biti 32, na ESR 140 ninayotumia, toleo linalopewa marekebisho ya usalama kwa muda mrefu zaidi, iliahidiwa marekebisho hadi Septemba 2026. Tumekubaliana kwamba yakikoma, mashine inatolewa intaneti kabisa. Gnumeric haihitaji mtandao, na hotspoti ya simu inaweza kuwashwa data ikiwa imezimwa, ile PDF ikafika vilevile. Nakala ya faili inakaa kwenye flashi mbili, moja kwake na moja kwa mweka hazina. Sasa anataka printa.