Saa ikigonga mara 13

Jamani wikendi hii nimerudia kusoma Tom's Midnight Garden ya Philippa Pearce, kitabu cha watoto cha mwaka 1958, kilichopata tuzo ya Carnegie kule Uingereza, na nimekipenda zaidi ya mara ya kwanza. Tom anapelekwa kukaa kwa mjomba na shangazi kwenye fleti kwa sababu mdogo wake ana surua, hana wa kucheza naye, hana hata bustani, basi usiku yuko macho anasikiliza ile saa kubwa ya chini inagonga, anahesabu, inafika 12 halafu inagonga tena! Anashuka, anafungua mlango wa nyuma na pale pana bustani ambayo mchana haipo kabisa.

Huko anamkuta Hatty, msichana wa enzi za zamani sana, na kila akienda Hatty amekua kidogo wakati yeye Tom yuko vilevile, hiyo sehemu iliniuma kweli.

Ila pale pa viatu vya kuteleza kwenye barafu ndo noma. Tom anamwomba Hatty avifiche chini ya ubao wa sakafu, kesho yake kwenye wakati wake anaung'oa ule ubao na anavikuta, vimekaa miaka yote hiyo. Usiku anarudi navyo, wanateleza wote wawili kwenye mto ulioganda, kila mmoja kavaa viatu vilevile, jozi ileile moja!

Mwisho sisemi, nililia.