Subaru ni Kilimia: nyota sita na injini iliyolala

Nyota za kwenye nembo ya Subaru ni Kilimia, kilekile ambacho wakulima wetu wamekitazama miaka yote kujua msimu. Subaru ni jina lake la Kijapani. Nyota kubwa moja, ndogo tano: mwaka 1953 kampuni tano ziliungana zikazaa Fuji Heavy Industries. Jina la Subaru Corporation limekuja 2017 tu.

Mizizi yake ni Nakajima, kiwanda cha ndege kilichoanzishwa na Chikuhei Nakajima mwaka 1917. Baada ya vita Japani ilikatazwa kuunda ndege, wahandisi wakageukia vitu vya raia. Skuta yao ya Rabbit ya mwaka 1946 ilianza kwa magurudumu ya mkia wa ndege yaliyobaki stoo. Mwaka 1958 ikatoka Subaru 360, kigari cha cc 356, injini nyuma.

Vijiweni utaambiwa boksa, yaani injini ya Subaru yenye silinda zilizolala, imetoka kwenye ndege za vita. Si kweli. Injini za Nakajima kama Sakae zilikuwa na silinda zilizoizunguka shafti kama petali za ua. Boksa ilikuja 1966 na Subaru 1000, na sababu ilikuwa nafasi: gari livutwe kwa mbele, injini iwe fupi na ikae chini, shafti za kulia na kushoto zilingane urefu. Mwaka 1972, kwenye Leone, wakapeleka shafti nyingine nyuma. Hapo 4WD, yaani kuvutwa kwa magurudumu yote manne, ikazaliwa bila kuvunja mpangilio.

Sasa EJ20, boksa ya lita 2.0, ile ya Impreza na Forester nyingi za hapa Dar. Kwa kuwa silinda zimelala, oili hutuama kwenye ukingo wa chini wa tapeti kava, kifuniko cha valvu. Mpira wa gasketi ukikauka, oili inadondokea ekzosti, na kwenye foleni unasikia harufu ya kuungua. Ukichomoa plagi ukakuta shimo lake limejaa oili, badilisha sili za mirija ya plagi kwanza. Usikubali kufunguliwa injini kwa ajili ya ringi za pistoni.

EJ25, ndugu yake wa lita 2.5, ndiyo yenye sifa mbaya ya gasketi ya silinda hedi. Kulanti, maji ya kupozea injini, huvuja taratibu chini ya hedi, na maji ya bomba huharakisha kutu. Fundi anayetupa thamostati, valvu inayodhibiti joto la kulanti, "injini isichemke" anaficha tatizo: injini inabaki ya baridi, kompyuta inaongeza petroli, gasketi iko palepale.

Mkanda wa taimingi, unaozungusha valvu zifuatane na pistoni, hubadilishwa kila kilomita 100,000, na hesabu inaanzia Japani, si bandarini. Ukikatika, kwenye EJ nyingi pistoni hugonga valvu zikapinda. Ukienda kwenye maduka ya spea Shaurimoyo, nunua mkanda pamoja na tenshena ya kuukaza, beringi zake na wota pampu, maana beringi moja ikikwama inaondoka na mkanda mpya.

La mwisho ni matairi. Tairi moja jipya kati ya matatu yaliyolika huzunguka tofauti, na kiungo cha katikati cha 4WD kinafanya kazi muda wote hadi kinachoka. Dalili yake: ukikata kona kali kwa mwendo wa pole gari linakaza na kurukaruka. Otomatiki nyingi za zamani za gia 4 zina nafasi ya fyuzi iliyoandikwa FWD ndani ya boneti. Weka fyuzi hapo, ikate kona ileile. Mkazo ukiisha, tatizo liko upande wa 4WD.