Bastola kwenye foleni ya supamaketi

Juzi hapa Houston nimepanga foleni kulipia, mbele yangu mzee na mjukuu wake, bastola iko kiunoni nje nje kwenye mkoba wa ngozi uliochakaa na katoto kanavuta mkanda wa babu upande ule ule, niliyetoa macho ni mimi tu mbongo. Texas tangu Septemba 2021 ukiwa na miaka 21 na sheria haijakuzuia kumiliki unabeba bila kibali, ikionekana tu lazima iwe kwenye mkoba wake. Baa ndo marufuku, wanabandika 51% nyekundu mlangoni, yaani asilimia 51 au zaidi ya mapato yao ni pombe inayonywewa hapo hapo. Bongo bila leseni hata kuwa nayo ndani ni kesi. Kujilinda sawa sipingi, ila si uifiche tu jamani??