Mkia wa Tumbili

Meli ya Piraeus, bandari ya Athens, kwenda Heraklion kisiwani Krete, Ugiriki, huondoka usiku. Nilikata tiketi ya sitahani kwa sababu vyumba vilikuwa vya bei ya kuumiza, nikijiambia mimi ni mtoto wa Kilwa, bahari ni bahari. Upepo wa Oktoba ulinionyesha vingine. Kufika usiku wa manane nilikuwa nimejitanda kanga zote mbili nilizobeba kama zawadi, na meno bado yanagongana.

Alfajiri milima ya Krete ilitangulia kuonekana, mji baadaye. Kisiwa kina urefu wa kilomita 260 hivi, na katikati umesimama Psiloritis, mita 2,456. Ukiutazama kutoka majini unaelewa kwa nini watu wa kale wa hapa walipanda mashua: nchi kavu imebanwa na majabali, ila bahari iko wazi hadi Misri.

Bandarini dereva wa teksi alinitoza yuro 30 kwenda Knossos, kwenye magofu ya kasri la kale. Ni kilomita tano tu! Basi la mjini linafika hukohuko. Nililijua wakati wa kurudi, na roho inaniuma hadi leo.

Knossos nilikwenda moja kwa moja kwenye zile nguzo nyekundu, nene juu na nyembamba chini. Nikaweka kiganja juu ya moja, nikafumba macho. Miaka 3,500, nikawaza. Mlinzi mmoja mzee akanijia taratibu. Nilidhani nimevunja sheria, nikaanza kuomba radhi. Hakunikemea. Aliigonga nguzo kwa ukucha wa kidole gumba, akatikisa kichwa, akasema neno moja: saruji.

Arthur Evans, Mwingereza aliyeanza kuchimba hapo mwaka 1900, ndiye aliyeagiza sehemu hizo zijengwe upya kwa saruji na kupakwa rangi kama alivyoamini zilikuwa. (Mwenyeji wa Heraklion, Minos Kalokairinos, alikwisha kuchimba hapo tangu 1878, lakini jina lake halitajwi sana.) Niliona nimedhulumiwa. Nimekulia karibu na msikiti wa mawe ya matumbawe na chokaa, najua jengo la kale linavyosikika mkononi, na bado nilidanganyika.

Mzee yule nadhani alinihurumia. Alinionyesha maghala ya upande wa magharibi, marefu na membamba, yenye makasiki yanayonipita kimo. Haya ni ya kweli. Yalihifadhi mafuta ya zeituni na nafaka. Wafinyanzi waliyazungushia udongo uliosokotwa kama kamba, na vishikio ni vingi, safu juu ya safu. Nilisimama pale nikimkumbuka bibi, akiinama juu ya kasiki lake la maji na kata mkononi.

Jioni, makumbusho ya Heraklion. Humo kuna mchoro wa ukutani uliotoka Knossos, umevunjikavunjika: kiumbe cha buluu kimeinama kati ya maua ya zafarani. Evans alisema ni mvulana anachuma maua, na mchoro ukakamilishwa hivyo. Miaka baadaye wataalamu wakatazama tena vile vipande wakaona baki la mkia. Ni tumbili! Nilikaa mbele yake mpaka taa zikaanza kupunguzwa. Krete haina tumbili wa asili. Mchoraji alimjua kutoka ng'ambo, na wengi humtafutia asili yake Misri, upande wetu wa bahari. Karne zote zile amekaa ukutani na maua yake, kisha akaja mtu akampa umbo la binadamu.

Siku mbili zilizofuata sina la kusimulia.

Usiku wa kurudi nilimpigia simu kaka yangu, anayevusha wageni kutoka Masoko kwenda Kisiwani. Nilimweleza kwamba Knossos na makasri wenzake yameingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2025. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliingia 1981. "Tumewatangulia miaka 44?" akauliza, akanitaka nirudie tena. Kisha nikamwomba jambo moja. Kasiki la bibi bado lipo uani, lina ufa ubavuni. Mtu yeyote asilizibe kwa saruji.