Rampu ya kanisa letu, na ushauri nilioukataa

Nilipodai rampu, yaani njia ya mteremko ya mwenye kiti cha magurudumu kupandia hadi mlangoni, ushauri ulioniudhi kuliko wote ulikuwa huu: "Mama, vijana wapo, watambeba." Mtu mzima abebwe kama gunia la mahindi mbele ya wanawe ndipo aingie kuabudu? Na vijana wenyewe wakichelewa?

Mlango wa kanisa letu hapa Kisumu uko sentimita 45 juu ya uwanja. Fundi akapima rampu ya mita mbili, akasema inatosha. Haitoshi. Kila sentimita moja ya kupanda inadai 12 za urefu, kwa hiyo ni mita 5.4. Wazee wakaona nawatafutia gharama. Sikubishana nao. Niliegemeza mbao nene mlangoni kwa mteremko ule ule wa fundi, nikaazima kiti cha magurudumu, nikamwomba mweka hazina akalie. Vijana wawili walisimama nyuma yake, tahadhari tu. "Haya mzee, panda mwenyewe." Akasukuma kwa nguvu, vigurudumu vya mbele vikaning'inia hewani, akageuka kumtafuta fundi kwa macho. Pesa zilipatikana Jumapili hiyo hiyo, elfu hamsini na ushee, kokoto tulipewa bure.

Uwanja ulikuwa mfupi, tukaikunja rampu. Penye kona, na mlangoni pia, acha sakafu tambarare ya mita 1.5 kwa 1.5, la sivyo kiti kinarudi nyuma mtu akihangaika na mlango. Upana mita 1.2, na kingo za sentimita 10 gurudumu lisitumbukie. Fundi asilainishe zege kwa mwiko, maana mvua ya alasiri italigeuza utelezi. Likwaruzwe kwa ufagio mgumu lingali bichi, mistari ikikata njia, kisha limwagiwe maji wiki nzima.

Ndani tulikata benchi la safu ya tatu, sentimita 90, ili mwenye kiti aketi na familia yake, si peke yake nyuma karibu na viatu vya mvua.

Kwa viziwi, mkalimani wa lugha ya ishara asisimame mbele ya dirisha. Mwanga ukitoka nyuma yake uso unakuwa giza, na uso nao unazungumza. Avae nguo ya rangi moja isiyofanana na ngozi yake, na kwaya impe maneno ya nyimbo mapema. Mahubiri ya saa nzima yanataka wakalimani wawili wakipokezana kila dakika 20 hivi. Sisi tunaye mmoja, basi mchungaji amekubali kufupisha, jambo ambalo wengine tuliliombea miaka mingi.