Siku moja karakana ya vipimo, Goma

Saa 11 alfajiri natoka nyumbani, kwa sababu gesi haingoji jua. Kabonidioksidi inayotoka ardhini magharibi mwa Goma, njia ya Sake, ni nzito kuliko hewa. Usiku usipokuwa na upepo hutulia kwenye mabonde na mashimo ya miamba ya lava. Ndiyo mazuku, nayo hayana rangi. Jua likishapanda na upepo ukaanza, hutawanyika, na kifaa cha kuipima kinaweza kuonekana kizima kumbe hakijajaribiwa.

Saa 12 tuko ukingoni mwa shimo. Hakuna kuinama: hata bisibisi ikidondoka, inaachwa. Kihisio kimefungwa kwenye fito ndefu, nakishusha polepole huku mwenzangu akisoma namba. Usawa wa kifua, gesi haijapita sana asilimia 0.04 ya kawaida. Gotini namba inakimbia. Chini kabisa, alipolala ndege mdogo aliyekufa na manyoya yake bado safi, kifaa kinagota kwenye kikomo chake. Asilimia 10 inatosha kumzimisha mtu kwa dakika chache, na watoto ndio warefu wa kiuno tu.

Saa 3, karakana. Nafungua kisanduku cha kihisio kilicholala shimoni. Kihisio hiki hurusha mwanga wa infraredi kupitia gesi. Kabonidioksidi hufyonza mwanga wa mikrometa 4.26, na kadiri gesi inavyozidi ndivyo mwanga unaofika upande wa pili unavyopungua. Sasa tazama: ukungu umeshika kioo. Nao unazuia mwanga, kwa hiyo kifaa kinaripoti gesi isiyokuwepo. Nakausha, nabadilisha silika jeli inayonyonya unyevu, naweka utando wa tefloni unaopitisha gesi na kuzuia maji. Viunganishi vya waya navyo vimeanza kuliwa. Moshi wa volkano ya Nyiragongo huifanya mvua yetu kuwa na asidi, na mabati ya mjini yanajua habari hiyo. Navipaka grisi.

Halafu kukisawazisha. Kwanza naitrojeni tupu, kisome sifuri, kisha gesi ya mtungi ambayo kiwango chake kinajulikana. Kazi hii haiendi haraka. Nasubiri namba itulie, naandika, narudia.

Saa 7 ni chakula: fufu, sombe na sambaza, samaki wadogo wa ziwani.

Saa 8 tunabishana na mtafiti wetu. Yeye anataka kihisio chenye usahihi mkubwa kwenye viwango vidogo, apate kufuatilia mabadiliko ya mlima. Ana haki: 1977, 2002 na 2021 lava ilishuka kwa watu, na kila dalili ina thamani. Lakini kihisio cha namna hiyo hufika kikomo mapema, na jirani wa shimo anahitaji kujua hatari yenyewe. Tunakubaliana kuweka viwili kwenye kisanduku kimoja, kimoja cha viwango vidogo, kingine kinachofika asilimia 100. Umeme utatumika zaidi. Nadhani ni gharama halali, na ningeitetea mbele ya yeyote.

Saa 10 tunapita kwa mama mwenye shamba karibu na shimo, tumwonyeshe kioo cha namba. Anakitazama kwa adabu, kisha anasema, “Mwanangu, usiku mimi sisomi hizi. Mbuzi akikatika kamba, mtoto anamfuata mbio. Niwekeeni taa niione toka mlangoni.”

Hakuna mkutano wetu uliowahi kutoa hitaji lililo wazi kiasi hicho.

Saa 12 jioni nimerudi mezani, chuma cha kulehemu kimepata moto. Taa nyekundu ikiwaka mfululizo itamaliza betri kabla ya alfajiri, saa ile gesi inapozidi. Naandika programu iwake sekunde moja, izime sekunde nne, na gesi ikipanda iongeze kasi. Kesho naipeleka, tusimame wote mlangoni kwa mama tuone kama inaonekana.